Makaburi Matatu Nje ya Daftari

Darasani walimwita Bi Rula kwa sababu ya rula ya chuma aliyoibeba kila aendako, na pia kwa sababu hakuwa mtu wa kupindapinda maneno. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ardhi ya manispaa, kwenye chumba chenye makabati ya droo pana ambamo mji mzima umelazwa karatasi juu ya karatasi, na sasa alikuwa amerudi chuo kusomea shahada ya uzamili ya mipango ya miji na mikoa. Wenzake wengi walikuwa wa umri wa wadogo zake. Walijua ana kazi, ana mtoto mmoja, na kwamba hachelewi hata siku moja. Hawakujua kwamba alianza masomo wiki tano baada ya kumzika mumewe.

Si kwamba aliwaficha. Hakuna aliyeuliza, naye hakuona pa kuanzia.

Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia. Aliondoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, akaanguka kwenye ngazi za shule na chaki mfukoni, na kabla ya saa sita mchana hakuwa hai tena. Hata nafasi ya kumuuguza haikupatikana. Simu ilipoingia, Bi Rula alikuwa anafuta mstari mmoja uliochorwa vibaya. Alisikiliza, akamaliza kuufuta, ndipo akachukua mkoba. Tangu siku hiyo alikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi kwa daktari wa meno: anaona mkono unaingia mdomoni, anasikia koleo likigonga, lakini maumivu hayafiki. Alikula alipopakuliwa. Alimpeleka mtoto shule, akamrudisha. Barua ya chuo ilisema masomo yanaanza Jumatatu fulani, akaenda Jumatatu hiyo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asiende.

Mama mkwe wake alikuwa akiishi nao tangu mtoto azaliwe, na alibaki. Mwana aliyekufa alikuwa wake wa pekee wa kiume. Siku moja, wakiwa jikoni wanachambua mchele, alimtazama mkwewe kwa muda, akasema, "Mwanangu, machozi yako umeyafungia kabati gani?"

"Sijui, mama."

"Haya. Siku ukiliona, niite nikusaidie kulifungua."

Alisema hivyo bila kusuta, akaendelea na mchele. Wifi yake, dada wa marehemu, hakuwa na upole huo. Kila alipokuja aliwaambia majirani, kwa sauti ya chini inayosikika mpaka sebuleni, kwamba kuna watu wameumbwa na roho ya jiwe. Bi Rula alimsikia. Alidhani huenda ni kweli, akamtengea chai.

Muhula wa pili ulikuwa na somo linaloitwa studio. Humo mwanafunzi hasomi kitabu. Anapewa tatizo halisi la mji halisi, analishughulikia na kundi lake, kisha analiwasilisha mbele ya walimu na maofisa wa manispaa. Profesa wao, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alitumbukiza vikaratasi sita kwenye kopo la kahawa, kila kundi liokote bahati yake. Kulikuwa na soko, kituo cha mabasi, taka, mifereji, na shule. Kundi la Bi Rula lilikuwa la watu watatu. Wa pili aliitwa Mhandisi, bwana wa makamo aliyetumia nusu ya maisha yake kujenga barabara na ambaye hakuweza kukaa dakika kumi bila mzaha. Wa tatu alikuwa msichana aliyeitwa Kunguru, kwa sababu ya kamera yake ya kuruka iliyokuwa ikizunguka juu ya paa za watu.

Mhandisi ndiye aliyeokota. Akakifungua kikaratasi, akakisoma kimya, kisha akakiinua.

"Makaburi," alisema. "Jamani, sisi tumepata wadau wasiovunja mkutano."

Darasa likaangua kicheko. Bi Rula naye alicheka, sekunde moja baada ya wengine.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi: makaburi ya mji yalikuwa yanajaa, na manispaa ilitaka eneo jipya litakalotosha miaka thelathini. Ilibidi wajue watu wangapi hufa kwa mwaka, kila kaburi linakula ardhi kiasi gani ukijumlisha na njia, maji ya ardhini yako kina gani, visima viko umbali gani, udongo unachimbika au ni mwamba. Kazi hiyo ilimkaa Bi Rula vizuri. Alikaa mbele ya kompyuta saa nne mfululizo bila kunyoosha mgongo, akapanga maziko ya mji mwaka kwa mwaka. Mwaka uliopita walikuwa mia nne na kumi na wawili. Mmoja wao alimjua. Aliandika idadi, akashuka mstari uliofuata.

"Dada, wewe huchoki?" Kunguru alimuuliza.

"Nachoka," alijibu, kwa kuwa ndivyo watu hujibu.

Kabla ya kutafuta eneo jipya, Profesa aliwataka wapime la zamani, wajue limetumikaje. Waligawana. Kunguru apige picha kutoka angani, Mhandisi apime njia na mifereji, na Bi Rula ahesabu safu za upande wa mashariki, kaburi kwa kaburi, na kulinganisha na daftari la maziko. Upande wa mashariki ndiko alikozikwa mumewe. Angeweza kusema abadilishiwe. Alichukua tepu na kifaa cha kupimia mahali kwa setilaiti, akapanda kilima.

Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya maziko. Na hata siku ile, kitu alichokumbuka ni viatu vilivyombana na mgongo wa koti la mtu aliyesimama mbele yake. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akija kila Jumamosi, na kigoda chake na dumu dogo la maji, anakaa kaburini mpaka jua linapokuwa kali. Kila Jumamosi alimuuliza mkwewe kama watafuatana. Kila Jumamosi mkwewe alikuwa na kazi ya chuo.

Ofisi ya makaburi ilikuwa chumba kimoja karibu na lango, chenye majembe yaliyoegemezwa ukutani na meza iliyokatika mguu mmoja ikawekewa tofali. Mtunza makaburi alikuwa mtu mzima, mfupi, asiyesikia sikio la kushoto. Kila aliyemwamkia alimwambia, "Semea huku," na kumgeuzia la kulia. Alimkabidhi Bi Rula daftari kama mtu anayekabidhi mtoto.

Safu ya kumi na tatu ililingana na daftari. Bi Rula akahamia ya kumi na nne. Alianza kwenye njia, akaenda mpaka ukutani, akirekodi kila tuta. Kisha akatazama daftari. Akarudi njiani akaanza upya. Alipohesabu mara ya tatu alikwenda ofisini.

"Mzee, safu ya kumi na nne ina watu thelathini na wanane humu ndani. Kule nje wapo arobaini na mmoja."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu."

"Mama, wafu hawazaani."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Walikwenda pamoja. Mtunza makaburi alihesabu kwa kidole, midomo ikichezacheza, na alipofika ukutani alibaki ameshika kiuno. Tuta la mwisho lilikuwa na jiwe la saruji lenye jina, na jina hilo lilikuwa la namba thelathini na nane. Kwa hiyo mwisho wa safu ulikuwa sahihi, na kosa lilikuwa mahali fulani katikati. Vigingi vya mbao vilivyobaki mvua ilishafuta namba zake zote.

"Safu hii ilijazwa lini?" Bi Rula aliuliza.

Mzee alifikiri, kisha uso ukamshuka. "Wakati nimelazwa. Nilipasuliwa ngiri, nikakaa nje wiki tatu. Walimleta mtu wa idara ya taka anishikie."

Walirudi ofisini wakapekua droo. Chini ya mishumaa, kamba na betri zilizokwisha walikuta kibali cha manispaa kilichokunjwa mara nne: watu watatu kutoka hospitali, wasio na ndugu, wasiojulikana majina, wazikwe siku moja. Yule bwana wa taka aliwazika kama alivyoagizwa. Kwenye daftari aliona pameandikwa *jina*, naye hakuwa na jina la kuandika, akakikunja kibali akakitia droo.

Bi Rula alilinganisha tarehe. Kibali kiliangukia baina ya namba ishirini na moja na ishirini na mbili. Kwa hiyo kuanzia hapo kila aliyehesabu kwa daftari alipungukiwa na makaburi matatu. Alishuka na rula yake mpaka mstari wa ishirini na saba, akaisimamisha hapo. Jina, umri arobaini na mmoja, tarehe. Yule bwana alikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala.

"Unamjua?" mzee aliuliza.

"Ndiyo."

"Nani wako?"

"Mume wangu."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena, kama vile hakujua aifanyie nini. "Kuna mama huja Jumamosi. Ana kigoda."

"Ni mama yake."

"Ni mimi niliyemwonyesha," mzee alisema taratibu. "Alikuja baada ya mvua, vigingi havisomeki. Nilishika daftari hili hili, nikahesabu kutoka njiani. Ishirini na saba."

"Ulihesabu sawasawa, mzee. Daftari ndilo lenye kasoro."

Alitoka peke yake. Tuta la ishirini na saba lilikuwa limefagiwa, limezungushiwa mawe madogo, na katikati mlikuwa na maua mekundu yaliyotiwa maji juzi. Matuta ya ishirini na mbili, ishirini na tatu na ishirini na nne nayo yalikuwa safi. Moja lilikuwa na msalaba mpya, jingine limepakwa chokaa. Hao ndio wale watatu wasio na ndugu. Miezi saba walikuwa wakitembelewa, wakipaliliwa, wakililiwa na watu wa wengine. Bi Rula aliliona jambo hilo, akaliweka kando kama anavyoweka kando karatasi ya ziada.

Tuta la thelathini lilikuwa na nyasi za kufika magotini na mfuko wa plastiki ulionasa. Alisimama mbele yake akisubiri kifaa kitulie. Kikatulia. Akaandika: *Safu 14, tuta 30. La karibuni. Halina jiwe. Halitunzwi.* Kisha akaenda la thelathini na moja.

Jioni hiyo kundi lilijadiliana. Mhandisi aliona jambo hilo liachwe. "Tumeambiwa tutafute eneo jipya," alisema. "Hatukuambiwa tuchokonoe watu wa familia kumi na kitu. Hii tukiifungua, tutaomba radhi mpaka tustaafu."

"Iingie," Bi Rula alisema. "Na tupendekeze kila kaburi lipewe namba yake kutokana na mahali lilipo, si kutokana na foleni ya daftari."

"Kwa nini umeishikilia hivyo?"

"Kwa sababu namba si sahihi."

Mhandisi alimtazama, akainua mikono kama mtu aliyeshikiwa silaha, na pendekezo likaingia.

Wiki mbili zilipita. Bi Rula alichora, akaandika, akarekebisha. Jumamosi mbili mama mkwe alichukua kigoda na dumu, akaenda, akarudi amechoka na ametulia. Bi Rula alimfungulia mlango mara zote mbili. Alikuwa amepanga kumwambia, kama mtu anavyopanga kwenda kunyoa, na siku zikapita.

Siku ya kuwasilisha, ukumbi ulikuwa na maofisa wawili wa manispaa, Profesa na mwalimu mwingine. Mhandisi alieleza barabara, Kunguru akaonyesha picha. Bi Rula alieleza udongo, maji na ukubwa wa eneo, kisha akafika kwenye namba. Hapo ofisa mipango, bwana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, aliinua mkono.

"Hili la namba naona mmelikuza," alisema. "Mtu anajua kaburi la ndugu yake. Daftari likikosea kidogo, nani anaumia?"

"Mama mkwe wangu," Bi Rula alijibu, "ametunza kaburi la mtu mwingine kwa miezi saba. La mwanawe liko matuta matatu mbele. Lina nyasi."

Hakuipandisha sauti wala kuishusha. Kunguru aliinamisha kichwa. Ofisa alizishika kalamu zake moja baada ya nyingine.

"Slaidi inayofuata," Bi Rula alisema. Mhandisi, aliyekuwa ameshika kompyuta, alisahau kubonyeza. Ikabidi amwambie tena.

Walipomaliza, Mhandisi alimfuata nje. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha. "Pole, dada," alisema tu, akambebea kasha la ramani mpaka ukumbi wa chini.

Profesa alimkuta hapo. "Mumeo?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Wiki tano kabla hatujaanza masomo."

Profesa alivua miwani, ikaning'inia. "Na mama mkwe alipokea vipi?"

"Bado sijamwambia."

"Kwa hiyo," Profesa alisema, bila ukali, "umewaambia manispaa kabla hujamwambia yeye."

Bi Rula alilichukua kasha la ramani. Alikwenda nyumbani.

Mama mkwe alikuwa kitandani kwake anakunja nguo, na mtoto, msichana wa darasa la tatu, amelala kifudifudi sakafuni anafanya hesabu za shule. Bi Rula alikaa ukingoni mwa kitanda. Akageuza karatasi ya ratiba, akachora njia, ukuta na safu ya kumi na nne, akaeleza kama alivyoeleza ukumbini, ila polepole zaidi.

"Mimi nilikuwepo," mama mkwe alisema. "Najua nilipomzika mwanangu. Wewe ndiye hukuwepo, ingawa ulisimama."

"Ni kweli, mama."

"Basi usiniletee michoro."

"Ulikuwa umeshikiliwa na watu wawili, mama. Hukuweza kuhesabu. Na mimi sikuhesabu."

Mama mkwe aliendelea kukunja shati lile lile. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja. "Na huyo ninayekaa naye ni nani?"

"Bibi mmoja. Alikuwa na miaka sabini na moja."

"Sabini na moja." Aliliweka shati magotini. "Rika langu. Nimemweleza mambo yote ya nyumba hii. Mpaka ya wifi yako na mumewe."

Mtoto alicheka kule sakafuni. Mama mkwe naye alitaka kucheka, ikaanza hivyo, kisha akajiziba uso kwa shati, na mabega yakaanza kutikisika. Bi Rula alisogea, akamwekea mkono mgongoni. Aliuweka kwa kuwa ndivyo inavyofanywa. Lakini hakuutoa, hata mkono ulipokufa ganzi kwa uzito, hata mtoto alipokuja naye akajipenyeza katikati yao na penseli yake.

Jumamosi walikwenda watatu. Mtunza makaburi alikuwa ameshafyeka nyasi za tuta la thelathini, akakaa mbali karibu na ukuta akijifanya anatengeneza mpini wa jembe. Mama mkwe alipita kwanza kwenye la ishirini na saba.

"Shoga yangu," alisema akiwa amesimama, "mimi nahama. Si mbali. Maua nakuachia, na maji nitakuletea, usiwe na wasiwasi." Kisha akavuka matuta matatu, akaweka kigoda, akakaa. Alikaa muda mrefu. Halafu akainuka, akamsogezea mkwewe kigoda.

"Sema naye."

"Sijui niseme nini, mama."

"Mwambie unasoma."

"Anajua."

"Anajua nini? Alikufa hujaanza."

Bi Rula alikaa. Udongo ulikuwa mkavu, umekatwa vizuri na jembe. Alisafisha koo.

"Nimeanza," alisema.

Mama mkwe hakumsaidia. Kwa hiyo alianza na kitu alichokijua, akamweleza habari za studio. Alieleza kopo la kahawa, Mhandisi na Kunguru. Alieleza kwamba eneo la kaskazini walilikataa kwa sababu maji yako mita mbili tu chini, na la magharibi lina mwamba, na kwamba waliloshauri liko nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali, mteremko wa asilimia tatu, udongo mzuri. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia. Mambo hayo angeyauliza mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ile ile ya ukumbini, bapa, lakini haikukatika, na mtoto aliacha kuokota mawe akaja kusikiliza.

"Huko mnakopeleka watu kuna kivuli?" mama mkwe aliuliza.

"Hakuna, mama. Tumependekeza ipandwe miti kabla ya kaburi la kwanza."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Akamwambia na hilo.

Jua lilipokuwa kali waliteremka. Njiani mtoto aliuliza watakula nini, na Bi Rula, kabla hajajibu, aligundua kwamba naye alikuwa na njaa, njaa ya kweli, inayouma tumbo. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho ilimjia kabla ya sahani. Aliongeza mwendo kidogo, mtoto akamshika mkono ili asiachwe nyuma.

Wiki iliyofuata Profesa aliwarudishia kazi yao. Walifaulu, ila kulikuwa na masahihisho ya kurasa mbili: ramani ya nne ina rangi nyingi mno, kipimio hakionekani, maelezo ya alama yaandikwe upya. Manispaa nayo ilikuwa imeomba orodha ya familia za safu ya kumi na nne ili ziitwe moja moja. Bi Rula alijitolea kuiandaa. Mhandisi alisema atakwenda naye kwenye nyumba hizo, kwa kuwa yeye anajua kuzungumza na watu. Kisha akaongeza kwamba, akifika huko, mizaha ataiacha kwenye gari.

"Usiiache yote," Bi Rula alisema, akavuta kiti, akafungua ramani ya nne.